Siku Nilipompelekea Bibi Picha ya Mzungu Mwenye Ndevu

Niseme mapema kabla sijaona haya nikaacha: mimi ndiye yule kijana wa Bukima aliyewaliza akina mama wa Butiama kwa msiba ambao haukuwepo. Mkisikia habari inasimuliwa kwenye mnada Bunda, au huku kwetu mwaloni wakati watu wanatengeneza nyavu, kwamba kuna bwana harusi aliyekwenda ukweni na picha ya mzungu badala ya blanketi, msisumbuke kumtafuta mwingine, ni mimi Mafuru, ila wale wanaosema mzungu huyo alikuwa babu yangu wanatia chumvi.

Shida yangu ni aibu. Nimemaliza darasa la saba bila kunyoosha kidole hata siku nilipojua jibu, na hata nikiandika naandika polepole, kana kwamba herufi zinanitazama. Mtu akiniuliza jambo lolote nje ya nyumba yetu, jibu linalonitoka ni "ndiyo," kwa sababu ndiyo haina maelezo, ukisema hapana watu wanauliza kwa nini, na kwa nini ndiyo hasa sipendi kuulizwa. Hata Nyangeta, mchumba wangu, ni yeye aliyeniuliza kama nampenda, siku moja alipokuja Bukima kununua dagaa, nami nikasema ndiyo (na mpaka leo hiyo ndiyo ndiyo yangu nzuri kuliko zote).

Basi mahari ilikuwa imeshakwenda, ng'ombe walishaswagwa mpaka Butiama kwa baba yake, Mzee Wambura, na kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: blanketi la bibi. Ukoo wa kina Nyangeta wana utaratibu wao. Blanketi la bibi halitumwi na mshenga wala halipelekwi na wazazi, linapelekwa na kijana mwenyewe, peke yake, mkononi mwake, na bibi analifungua mbele ya ukoo anajifunika, na akishajifunika ndipo siku ya harusi inatajwa. Asipojifunika, hakuna siku. Bibi Nyabwire alikuwa amelingojea blanketi hilo tangu ile miaka ya shida, wakati dada zake Nyangeta wakubwa walipoolewa na wakwe wakamletea bibi magunia yaliyofumuliwa, kwa sababu madukani hamkuwa na blanketi, hamkuwa na sabuni, kulikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Nyangeta alikuwa wa mwisho. Kwa hiyo blanketi langu halikuwa la kufidia usiku mmoja wa baridi, lilikuwa la kufidia magunia yote yale.

Na lilikuwa blanketi kweli. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, na mjomba wangu Magesa, anayeishi Bunda, aliuza ndama wake akaninunulia blanketi zito, jekundu, lenye picha ya simba anayetazama mtu usoni, limo ndani ya mfuko wake wa nailoni wenye zipu. Mjomba alipokuwa akilikagua aliing'oa zipu ile kidogo pembeni, akaishona kwa uzi wa nyavu, akanikabidhi na kuniambia, "Mafuru, hili usiliweke chini. Ukienda haja, nenda nalo." Nikasema ndiyo.

Asubuhi hiyo nikafika Musoma mjini kutafuta pikapu ya kwenda Butiama. Pikapu ilikuwepo lakini abiria walikuwa hawajatosha, dereva akaniambia zunguka zunguka urudi mchana. Sasa mimi kuzunguka mjini na simba mkononi, watu wote wananitazama, jua nalo linachoma, nikapita mbele ya ukumbi mmoja ambao milango yake ilikuwa wazi na ndani feni zinazunguka, na mlangoni kuna meza imejaa chupa za soda zinazotoa jasho. Nikasimama. Nia yangu ilikuwa kutazama soda tu, siyo kingine. Kumbe pale mezani kulikuwa na dada mmoja amevaa miwani, akaniona, akatabasamu.

"Karibu kaka, umekuja kwenye semina?"

(Hapa ndipo ilipo habari yote. Ningesema "hapana dada, napita," leo msingekuwa mnacheka.)

"Ndiyo," nikasema.

"Umetoka taasisi gani?"

Sikujua aseme nini mtu ambaye hana taasisi, kwa hiyo nikataja kwetu. "Bukima."

"Vizuri sana, Bukima hatukuwa na mtu!" Akanipa peni niandike jina langu kwenye kikaratasi, nikaanza kuandika, watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa, mmoja akauliza kama naandika wosia, mwishowe dada akanisaidia herufi za mwisho, akanibandika kikaratasi kifuani, akanipa soda. Nikishaipokea ile soda ningetokaje tena? Nikaingia, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikaweka blanketi chini ya kiti. Naam, niliweka chini.

Mbele kulikuwa na kitambaa kirefu kimeandikwa kwamba hii ni jumuiya ya wasomi wa uchumi wa Kiaustria, na pembeni yake imewekwa juu ya kiti picha kubwa yenye fremu nyeusi, ya mzungu mzee mwenye ndevu zilizoshuka mpaka zikafunika tai. Msemaji alikuwa mtu mfupi mchangamfu kutoka Dar es Salaam, waliyemwita Daktari (lakini siyo wa sindano, wa vitabu). Akatueleza kwamba Austria ni nchi ndogo huko Ulaya, milima mitupu, na zamani wasomi wa huko waligundua jambo ambalo serikali nyingi hazikutaka kulisikia, yaani thamani ya kitu haikai ndani ya kitu, inakaa kichwani mwa mtu anayekitaka.

"Mnakumbuka foleni ya sabuni?" akauliza.

Ukumbi wote ukaguna. Mzee mmoja akasema, "Tulifulia majani ya mpapai, Daktari!"

"Mlifulia majani ya mpapai kwa sababu mtu mmoja alikaa ofisini akapanga bei ya sabuni, na mtu yule hakuwahi kuona nguo zenu. Bei haipangwi, waheshimiwa. Bei inazaliwa. Watu wawili wakikutana, kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakitaka zaidi kuliko chake, wanabadilishana, wote wawili wanaondoka wametajirika. Hakuna aliyeibiwa! Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alikuwa huru kusema hapana."

Mimi nilikuwa nakunywa soda yangu, mambo yananiingia vizuri tu, nikawa najisemea kwamba kumbe wasomi wanazungumzaga maneno yanayoeleweka. Sikuona hatari iliyokuwa ndani ya sentensi ile ya mwisho. Elimu yao yote, pamoja na milima yao, imesimama juu ya mtu anayeweza kusema hapana, na mimi sikuwa mtu huyo.

Daktari akasema maneno matupu hayatoshi, sasa tufanye soko wenyewe hapahapa. Kila mtu atoe kitu kimoja alichonacho, aende kwa yeyote, wabadilishane mara nyingi kadiri wanavyotaka, bila kulazimishana. Viti vikasukumwa kando, watu wakaanza kutoa kofia, peni, miwani ya jua, saa zisizotembea, wanacheka, na mimi nikajikunja kwenye kiti changu kama samaki furu aliyebaki kwenye matope. Yule dada wa miwani akapita, akainama, akaona mfuko.

"Jamani, tazameni! Kijana wa Bukima amekuja na mali!"

Akamnyanyua simba juu ili watu wote wamwone.

Wa kwanza kunifikia alikuwa mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge cha tausi, wanamwita Mama Rhobi, mfanyabiashara, mikono yake inashika kitu na kukipima hapohapo. Alikuwa na mwamvuli.

"Kijana, shika huu mwamvuli. Chuma kitupu. Fungua, funga, fungua. Unaona? Na mimi nipe hilo."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Ndiyo unataka au ndiyo hutaki?"

"Ndiyo."

"Basi tumeelewana," akasema, na blanketi likahamia kwapani kwake.

Msinione mjinga kupita kiasi. Mimi nilijua ni mchezo. Shuleni tulipochezaga duka, ukinunua kibiriti cha mwalimu, kengele ikilia unarudisha kibiriti. Nikawa nasubiri kengele. Kwa hiyo alipokuja mzee mmoja mrefu, karani mstaafu wa mahakama, akautaka mwamvuli na akanipa koti lake jeusi la kazini, sikuhangaika, nikasema ndiyo nikalivaa (mikono ilinifunika vidole), nikawa natembea humo ukumbini namfuata kwa macho Mama Rhobi kama mtu anayemfuata kuku wake katika kundi la kuku wa jirani.

Daktari akapiga makofi. "Tumemaliza! Nani amefurahi?" Mikono ikanyooka. Mimi nikaanza kuvua koti. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo nayasikiaga mpaka leo nikiwa ziwani peke yangu:

"La, la, waheshimiwa, msirudishiane! Mkirudishiana, somo lote limeharibika. Mapatano ni mapatano."

Nikatazama alipokuwa amesimama Mama Rhobi, sikumwona. Nikatazama mlangoni, nikaona tausi wa kitenge anamalizia kutoka. Nikataka kukimbia, lakini Daktari alikuwa ameshaninyooshea kidole.

"Yule kijana wa Bukima! Njoo mbele. Usiogope. Huyu, waheshimiwa, ndiye tajiri wetu wa leo, amebadilishana bila kubishana hata na mtu mmoja, mimi nimekuwa nikimtazama. Hii ndiyo roho ya soko! Kijana, mbele ya watu wote hawa, tuambie: umepata au umepoteza?"

Nilitaka kusema nimepoteza, nimepoteza blanketi la bibi na huenda na mke pia, neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Ndiyo," nikasema.

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na Daktari akashangilia, "Amepata! Anasema ndiyo amepata!" Kisha akageuka, akainyanyua ile picha kubwa kwenye kiti chake, akaniwekea mikononi, akasema jumuiya inamzawadia mwanafunzi wake bora picha ya mwasisi, akaitundike huko Bukima mahali ambapo vijana wataiona. Wakapiga makofi tena. Nikashukuru. Ningefanyaje? Mtu mzima wa Dar es Salaam amenipa mzungu mbele ya watu, nimrudishie?

Nje nikauliza habari za Mama Rhobi, nikaambiwa amewahi gari la Bunda. Pikapu ya Butiama nayo ilikuwa inanguruma, dereva anapiga kelele, "Butiama! Butiama! Wewe wa picha, unakwenda?" Na mimi nilikuwa bado natafakari kama nirudi nyumbani nikajifiche kwenye mtumbwi, lakini mnajua nilivyomjibu.

Sasa fikirieni wenyewe anachoona mtu. Kijana amevaa koti jeusi wakati wa jua kali, amekumbatia kifuani picha yenye fremu nyeusi, macho mekundu. Huku kwetu picha ya namna ile inatangulia jeneza. Abiria wakaacha kuongea, mmoja akavua kofia, wakanipisha nikakaa vizuri, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kapu la ndizi akanishika goti.

"Pole sana, mwanangu."

"Ndiyo," nikasema.

"Ni marehemu huyu?"

Nilifikiri kidogo. Daktari alisema mzungu huyo aliishi zamani sana. "Ndiyo."

"Alikuwa mtu wa misheni?"

"Ndiyo."

"Alikusomesha?"

Kwa namna fulani alikuwa ametoka kunifundisha asubuhi ileile. "Ndiyo, mama."

"Bwana alitoa," akasema yule mama, akaanza kujipangusa macho kwa kanga. Akaniuliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa Mzee Wambura, na hapo akanitazama kwa mshtuko, akashika mdomo, hakusema neno tena. Nilishukuru kwa kunyamaza kwake. Sikujua kwamba ni Shangazi Nyamisi, dada yake Mzee Wambura, na kwamba ndizi zile zilikuwa za shughuli yangu mwenyewe.

Pikapu iliposimama, akaruka chini kabla yangu, akaacha kapu, akakimbilia uani mikono kichwani. "Uwiii! Wambura! Msiba umeingia! Mkwe amefiwa, amekuja na maiti yake!" (Alisema maiti kwa haraka, alimaanisha picha.)

Mimi nilipofika, nyumba ilikuwa imeshageuka. Chungu cha nyama kilikuwa kimeepuliwa, akina mama walikuwa chini wanalia, majirani wanaingia wakipita kwenye mahindi kwa kukosa subira ya njia, wazee wamevua kofia. Mtu akaipokea picha kwa heshima, akaiweka juu ya kiti kilekile kilichoandaliwa kwa ajili ya blanketi, na akina mama walipomwona yule mzungu na ndevu zake wakazidi kulia, mmoja akasema, "Masikini, alivyokuwa mpole!" Nami nikasimama katikati ya uwanja na koti langu, sijui niweke wapi mikono.

Nyangeta akatoka jikoni. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya siku ile. Hakulia, akanijia karibu, akaninong'oneza.

"Mafuru, amekufa nani?"

"Huyu."

"Huyu ni nani?"

"Sijui."

"Hujui?" Akanitazama, akatazama mikono yangu. "Na blanketi liko wapi?"

Hapo nikashindwa hata kusema ndiyo. Akaelewa. Niliona kabisa anaelewa, akashusha macho kwenye vinyweleo vya mkono wake kana kwamba anavihesabu, na hilo lilinichoma kuliko kelele zote za pale.

Mzee Wambura akanyanyua mkono, kilio kikapungua. Yeye kabla ya kustaafu alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha pamba, na mpaka leo anavaa beji ya ushirika hata akienda kuchunga. Akaniambia nikae, nieleze polepole nani kafa, wapi, kwa ugonjwa gani. Nikaeleza. Nilianza na soda. Nilipofika kwenye mwamvuli akina mama walikuwa wameacha kulia, nilipofika kwenye koti vijana wakaanza kucheka wakiwa wameziba midomo, na nilipotaja wasomi wa soko, Mzee Wambura akasimama.

"Ngoja. Huyu mzungu ni wa soko huria?"

"Ndiyo, baba."

"Ameketi kwenye kiti changu? Butiama? Nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, baba."

"Hawa ndio waliotuambia ushirika ni mzigo! Ghala letu la pamba sasa hivi linalala popo! Serikali ilipopanga bei mlilalamika, haya, leo soko limepanga lenyewe, limepanga kwamba blanketi la mama yangu ni sawa na ndevu!" Akamgeukia dada yake. "Na wewe Nyamisi, umemlilia nani?"

"Nilimlilia mtu wa misheni," Shangazi akasema kwa hasira, akijifunga kanga upya. "Yeye mwenyewe kasema ndiyo! Kila nilichomwuliza kasema ndiyo! Mimi nimeacha ndizi zangu barabarani kwa ajili ya mtu nisiyemjua!"

"Basi hakuna ndoa," Mzee Wambura akasema. "Leo kabadilisha blanketi kwa sababu kaona haya. Kesho mtu atamwomba shamba. Keshokutwa atamwomba mke. Binti yangu sitampa mtu ambaye hajui kukataa."

Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi, ameshika nguzo. Nilijua kabisa ningetakiwa kusema kitu, na kila mtu alijua, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Ndipo Bibi Nyabwire akaongea. Alikuwa amekaa muda wote kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, hajalia wala kucheka, anamtazama yule mzungu.

"Kijana, njoo hapa. Karibu, siumi. Yule mama alikupa nini?"

"Mwamvuli, bibi."

"Mzuri?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa huyu," akamwonyesha Nyangeta kwa kidevu, "akija bwana mwingine, ana gari, ana duka pale Musoma, akakuletea mwamvuli mzuri kuliko ule, akasema nipe Nyangeta. Utamwambiaje?"

"Mama, mwache," Mzee Wambura akasema.

"Sijakuuliza wewe. Utamwambiaje?"

Nikafungua mdomo. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama, majirani, wazee, Shangazi na hasira zake, hata mzungu kwenye kiti. Nikahisi ndiyo inapanda kooni kama kawaida yake, inajua njia.

"Hapana!"

Ilitoka kubwa mno. Sikujua nina sauti ile. Mbuzi aliyefungwa kwenye mti aliruka, na mtoto mmoja akaanza kulia kwa kweli. Na nikishasema moja nikaona ladha yake, nikaendelea, "Hapana! Hata akija na miamvuli ya Tanzania nzima! Hapana, bibi! Hapana, baba!" (Hii ya mwisho haikuwa na sababu, Mzee hakuwa ameniuliza kitu.)

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Anayo. Ilikuwa imekaa chini sana." Kisha akakata shauri mwenyewe, na uamuzi wake haukatiwi rufaa hata na mwanawe. Ndoa haijafa, ila siku haitatajwa mpaka blanketi lifike. Nikatafute. Picha ibaki pale iwe dhamana. Na nyama irudishwe jikoni, kwa kuwa watu wameshalia, na mtu aliyelia lazima ale.

Wakati naondoka Mzee Wambura akaniambia nivue koti, halinipendezi, nalivaa kama gunia. Nikavua. Akalijaribu, "kuona tu limeshonwaje," akasema. Lilimkaa kama alipimiwa. Akalilaani soko tena kidogo, akahamishia ile beji ya ushirika kwenye ukosi wa koti, na hakulivua.

Blanketi tulilipata Bunda. Mjomba Magesa, baada ya kunitukana jioni nzima, alinichukua tukazunguka sokoni kutafuta lingine, na kwenye kibanda kimoja nikamwona simba ananitazama usoni. Zipu imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Chini yake amekaa Mama Rhobi na kitenge cha tausi.

"Hilo ni langu mwenyewe," mjomba akasema. "Nililinunua mimi."

"Karibu ulinunue tena," Mama Rhobi akasema, akataja bei, ikawa juu kuliko ile ya kwanza. Mjomba akauliza kwa nini imepanda, ni blanketi lilelile. "Kwa sababu wewe unalitaka sana, baba. Inaonekana usoni." Halafu akanitambua, akapunguza kidogo, na akaniambia kwa sauti ya chini kama mama yangu, "Lakini mwanangu, si ungesema tu hapana? Mimi ningekuacha. Nilikuuliza mara mbili."

Alikuwa ameniuliza mara mbili kweli.

Nikalipeleka Butiama bila kuliweka chini, sikunywa maji wala soda, Musoma mjini nilipita nimeangalia mbele. Bibi Nyabwire akafungua zipu, akajifunika mpaka kichwani mchana ule wa joto, akakaa humo muda mrefu, tukasikia anaimba taratibu ndani. Alipotoka siku ikatajwa. Basi Mzee Wambura akasema vizuri, dhamana imekwisha, kijana achukue mzungu wake aondoke naye.

"Hapana," bibi akasema.

"Mama, ni mzungu wa soko."

"Nimeshamzoea. Hanisemi, hanibishii, na kuku wanamwogopa, hawaingii ndani tena. Simtoi wala simbadilishi."

Yupo mpaka sasa. Kila tukienda ukweni, mimi na Nyangeta, namkuta ukutani juu ya kitanda cha bibi, na chini yake blanketi la simba, na Mzee Wambura kwenye koti lake jeusi anakula amempa mgongo. Mimi nimejiwekea nadhiri: soda ya mlangoni simo, kikaratasi cha kifuani simo, na mtu akiniuliza kama nimekuja kwenye semina nasema hapana kabla hajamaliza kuuliza. Mwezi uliopita dada mmoja alinisimamisha Musoma, nikamwambia hapana, hapana, napita tu, nikatembea haraka. Alikuwa ananiuliza kama ni mimi niliyedondosha kofia. Sikurudi kuichukua, niliona aibu.